Maswali Yenu: Wifredo Lam, Jamaa Aliyeona Watu Ndani ya Miwa

Toleo lililopita tuliweka picha moja ya ukurasa mzima, La Jungla, yaani Msitu, ya mchoraji Mcuba Wifredo Lam, alafu chini yake tukaandika mistari miwili tu kwamba huyu ni wa kundi la wasurialisti, wale waliokuwa wanachora mambo ya ndotoni na yasiyoingia akilini, na kwamba picha yenyewe iko New York. Basi. Meseji zilizoingia sijawahi kuona kwenye safu hii. Wengine wamefurahi, wengine wameniombea dua, mmoja ameandika tu "Anko hii nini sasa", hamna jina hamna mji. Nimechagua hizi, nyingine zilikuwa zinarudia yaleyale.

Kwa ambaye hakulipata toleo lile: picha ni kubwa, karibu mita 2.4 kwenda juu na 2.3 kwa upana, imejaa mabua na majani ya kijani, bluu na njano mpaka hamna pa kupitisha jicho, na katikati ya mabua wamesimama viumbe wanne wenye sura za vinyago, mwingine uso wake umepinda kama mwezi mwandamo, makalio ya duara, mikono mirefu kama mabua yenyewe, nyayo kubwa zimekanyaga chini. Juu upande wa kulia kuna mkono umeshika mkasi. Haya twende.

Habari za kazi Anko. Mimi niko Kidatu huku Kilombero, nimekulia kwenye mashamba ya miwa. Mnasema Msitu lakini mimi naona miwa kabisa, tena imeiva. Mbona kaita msitu? Na huyu mzee alikuwa anavuta nini?

Ndugu yangu wa Kidatu, umeona kitu ambacho kuna wahakiki wa Ulaya kimewapita hivihivi. Ni miwa. Lam kazaliwa tarehe 8 Desemba 1902 mji unaitwa Sagua la Grande, ukanda wa miwa na viwanda vya sukari, na Cuba utumwa umefutwa mwaka 1886, yaani miaka 16 tu kabla hajazaliwa, kwahiyo mtoto wa umri wake alikuwa anapishana barabarani na wazee ambao walikata miwa wakiwa mali ya mtu. Ukishalijua hilo picha inabadilika mbele ya macho yako.

Muwa hauoti msituni. Unapandwa, unapaliliwa, unakatwa, mwenye shamba anahesabu pesa na mkataji anarudi kalala hoi mikono imechanika, sasa hayo mimi nakufundisha wewe wa Kidatu kweli? Lam mwenyewe alishawahi kueleza kwamba jina la picha halihusiani na mandhari ya Cuba, kule hakuna msitu wa namna hiyo, kuna vichaka, vilima na uwanda wazi, na kile kilicho nyuma ya wale viumbe ni shamba la miwa. Sasa kwanini Msitu? Mimi nasoma kama kejeli. Mzungu wa wakati ule akiona miili myeusi na majani mengi kichwani kinamjia kitu kimoja tu, pori, washenzi, ngoma usiku. Lam anampa hilo jina analolitaka alafu ndani anamwekea shamba, tena lile lililomtajirisha yeye mzungu. Na wale waliomo ndani hawakimbii, hawachezi, wamesimama wanakuangalia. Ule mkasi watu wameuelezea kila namna, wengine wanasema ni wa mavuno, wengine wanasema ni wa kukata kamba ya ukoloni. Mimi nauangalia tu na sipati raha, na nadhani ndio alichotaka.

Kuhusu kuvuta. Hiyo sikulaumu maana wasurialisti wameulizwa swali hilo toka siku ya kwanza. Lile kundi lilianzia Paris, mshairi André Breton ndio alitoa tamko lao mwaka 1924, wazo lao ni kwamba akili ya mchana inatudanganya, inatupangia cha kusema, kwahiyo mtu aandike au achore kabla akili haijaanza kumkataza, kama tunavyoota. Ila Lam hakuanzia huko kwa Breton. Yeye alikuwa anasimulia kwamba akiwa na miaka mitano, usiku, popo aliingia chumbani akawa anaruka, na kivuli chake kikawa kinatambaa ukutani, mabawa yanakuwa makubwa yanakuwa madogo, mtoto kalala anaangalia. Anasema siku ile ndio alishtuka kwamba kuna upande mwingine wa vitu. Sasa chukua huyo mtoto, mpeleke kwa mama yake wa ubatizo ambaye nitamwelezea huko chini, utaona hakuhitaji kuvuta chochote.

Shikamoo Anko. Nasoma sanaa za ufundi Bagamoyo. Nimesoma mtandaoni kwamba Lam alitoka kwasababu Picasso alimbeba. Sasa sisi ambao hatuna koneksheni tunatoboaje?

Marahaba dogo. Hili nalijibu kwa kirefu maana mmeliuliza wengi na hiyo stori ya kubebwa huwa inanikera, sio wewe, stori.

Ni kweli Picasso, yule mchoraji maarufu Mhispania aliyekuwa anaishi Paris, alimsaidia, tena sana. Lakini hebu tuanze nyuma. 1916 familia inampeleka Havana, wanataka awe mwanasheria, yeye anaishia chuo cha sanaa cha San Alejandro na muda mwingi yuko bustani ya mimea anachora majani (kumbuka hayo majani). 1923 manispaa ya kwao inampa hela ya masomo, anapanda meli kwenda Hispania, hajatimiza hata miaka 21. Madrid anasoma kwa Fernando Álvarez de Sotomayor, mkurugenzi wa makumbusho ya Prado, ndio huyohuyo aliyemfundisha Salvador Dalí, msurialisti maarufu wa Hispania, mambo ya kizamani kabisa, kivuli, mwanga, uchoraji wa sura. Anaishi kwa kuchora watu sura zao. Anapanga kukaa kidogo, anakaa miaka 14.

1929 anaoa Mhispania, Eva Piriz, wanapata mtoto wa kiume. 1931 kifua kikuu kinawachukua wote wawili, mama na mtoto. Hii sehemu vitabu vingi vinaipita kwa mstari mmoja na mimi naona ndio imejaa kwenye picha zake zote za mama na mtoto zilizofuata, wale akina mama wenye nyuso zilizoganda.

1936 vita vya wenyewe kwa wenyewe vinalipuka, Lam anasimama upande wa Jamhuri, anachora mabango, anafanya kazi kiwanda cha silaha mpaka zile kemikali zinamdhuru, wanampeleka kupumzika Caldes de Montbui, karibu na Barcelona. Huko ndio anakutana na mchonga sanamu anaitwa Manolo Hugué, mzee ambaye anafahamiana na Picasso toka ujanani. Manolo anampa barua ya kumtambulisha kwa Picasso. Kwahiyo dogo, hiyo koneksheni unayoisikia aliipata kwenye nyumba ya wagonjwa, baada ya kulishwa sumu kiwandani, mjane, miaka 14 baada ya kutoka kwao. 1938 anaingia Paris barua iko mfukoni, ana miaka 35.

Picasso akampenda palepale. Akamkutanisha na watu, wachoraji Braque, Miró na Léger, mwandishi Michel Leiris, na muuza picha Pierre Loeb ambaye 1939 alimfanyia onyesho. Sasa kuna tukio moja hapo ambalo mimi huwa nalirudia kila nikipata nafasi. Picasso anamwingiza Lam kwenye chumba kilichojaa masanamu ya Afrika, anamwonyesha kichwa cha farasi, alafu anamwambia Leiris amfundishe Lam kuhusu sanaa ya watu weusi. Yaani kijana ambaye mama yake ana asili ya Kongo, kalelewa magotini kwa mganga wa dini ya Kiyoruba, anafundishwa Afrika na Mfaransa, Paris, kwenye nyumba ya Mhispania. Ungekuwa wewe? Mimi ningesusa. Lam hakususa, alikaa akajifunza, na hilo naliheshimu kuliko mengi aliyoyafanya.

Lakini angalia picha zake za 1938 mpaka 1940. Picasso yupo kila kona. Mistari minene, nyuso zilizokatwa pande pande. Ni nzuri, sikatai, ila kama angeishia hapo leo tungemtaja kwenye orodha ya marafiki wa Picasso na hamna mtu Kidatu angebishana nami kuhusu miwa.

Juni 1940 Wajerumani wakaingia Paris. Lam akamwachia Picasso kazi zake akakimbilia Marseille, kule kulikuwa na Mmarekani anaitwa Varian Fry anawatafutia waandishi na wasanii njia ya kutoka Ufaransa, wengi walikuwa wanakusanyika kwenye jumba moja nje ya mji, Villa Air-Bel. Fikiria kundi la watu wanasubiri viza na wanajua ikichelewa wanakufa, na wanachofanya ni kucheza. Wanachora karatasi moja watu watatu bila kuona mwenzako kachora nini, wanabuni karata mpya, wamewatoa wafalme na malkia wameweka washairi na ndoto. Breton anamwomba Lam achore michoro ya shairi lake Fata Morgana, na hapo ndio unaona mkono wake unafunguka, wino tu, mwanamke anaota pembe, nywele zinageuka majani, jicho limetokea pasipostahili. Huyo sio Picasso tena.

Machi 1941 wakapakiwa kwenye meli Capitaine Paul-Lemerle, watu zaidi ya 300 wamebanana, Breton yumo, mwanaanthropolojia Claude Lévi-Strauss yumo, mwandishi Victor Serge yumo. Wakafika Martinique, serikali ya kule iliyokuwa upande wa Vichy, yaani ile serikali ya Ufaransa iliyoshirikiana na Wajerumani, ikawaweka kambini. Alivyotoka akakutana na mshairi Aimé Césaire, na wale wawili walielewana maisha yao yote. Agosti 1941 ndio anashuka Cuba. Ameondoka 1923, hesabu mwenyewe. Hana hela, hana galari, jina alilolipata Paris Havana hamna anayejali. Ukimuuliza mtu yeyote siku ile angekwambia jamaa kafeli karudi nyumbani.

Na alichokikuta kilimuumiza. Watu weusi wako chini vilevile, Havana imekuwa uwanja wa starehe wa watalii wa Marekani, miziki ya mababu inauzwa kwenye vilabu vya usiku. Baadaye alimsimulia mwandishi Max-Pol Fouchet kwamba aliamua hatochora cha-cha-cha, hatochora Cuba ya kuuza kwa wageni, atachora yanayowakuta watu wake, na picha zake zitakuwa kama yule farasi wa Troy, zinaingia kwa walalahai alafu zinatapika viumbe vya kuwavuruga ndoto zao. Lydia Cabrera, mtafiti mkubwa wa dini za Waafrika wa Cuba, akawa anampeleka kwenye sherehe, anakaa anaangalia, anasikiliza, picha nyingine huyo dada ndio alizipa majina. Na yale majani ya bustani ya Havana yakarudi, safari hii yana macho. Mwisho wa 1942 kuingia 1943 akaichora La Jungla nyumbani kwake Marianao, pembeni ya Havana.

Kwahiyo ndio dogo, koneksheni zilikuwepo na ziliendelea, hata onyesho lake la kwanza New York kwenye galari ya Pierre Matisse mwaka 1942 lilipita mikononi mwa Breton. Ila ile picha ambayo dunia inamjua nayo aliichora kwao, akiwa amefulia, mbali na Picasso. Dawa ya kutoboa bila koneksheni sina, ningekuwa nayo ningeshaimeza. Ninachojua ile barua ya Manolo ilisomwa mara moja, alafu Picasso akataka kuona picha.

Asalaam aleikum. Naandika kutoka Mombasa. Kijana wangu anapenda kuchora na hiyo picha yenu ameikata akaibandika ukutani. Mie nataka kujua tu, huyo mtu alikuwa mganga? Hizo sura za kishetani sizitaki nyumbani.

Waaleikum salaam mama. Hakuwa mganga, ila ilibaki kidogo tu awe.

Mama yake wa ubatizo anaitwa Mantonica Wilson, alikuwa maarufu Sagua la Grande, anatibu watu, ni kuhani wa Santeria, ile dini waliyoibeba watumwa wa Kiyoruba kutoka Afrika Magharibi wakaichanganya na watakatifu wa Kikatoliki ili wamiliki wao wasijue wanamwomba nani. Changó wa radi anavaa nguo za Mtakatifu Barbara, mambo kama hayo. Mantonica alitaka kijana amrithi, akakataa, akataka kuchora. Kwahiyo alikuwa ndani anajua kila kitu ila hajaingizwa rasmi, na nadhani nafasi hiyo ndio ilimfaa, maana mwenye siri angekatazwa kuonyesha na asiyejua chochote angechora upuuzi.

Kuna kitu mama utakielewa haraka kuliko mhakiki wa Paris. Picha zake nyingi zina mwanamke mwenye kichwa cha farasi. Cuba mtu akipandwa na mungu wa ile dini wanasema amekuwa farasi wake, anaendeshwa, kama huku pwani anavyokuwa kiti cha pepo. Ndio huyo mwanamke. Lam hamwombi na hakutaki wewe umwombe, anachora kitu alichokiona watu wanapitia. Kama sura hazikupendezi ukutani mwako hiyo nyumba ni yako mama, mimi nimuombee tu kijana apewe hata ukuta wa chumbani kwake.

Tuko wasomaji wenu wa Lubumbashi. Ni kweli Lam ni mtoto wa Congo?

Kwa damu kidogo, ndiyo. Mama yake, Ana Serafina Castilla, alikuwa mchanganyiko wa Mhispania na Waafrika walioletwa watumwa kutoka upande wa Kongo, yaani ule ufalme wa zamani wa Bakongo huko Atlantiki, sio Katanga, kwahiyo ndugu zangu wa Lubumbashi msianze kumdai. Baba yake, Enrique Lam-Yam, ni Mchina wa Canton, mzee sana, inasimuliwa alikuwa na miaka zaidi ya 80 Wifredo anazaliwa, na huyu ni mtoto wa nane. Jina Lam ni la Kichina. Watu wanapenda kumchagulia upande mmoja, yeye hakuchagua.

Anko mimi ni fundi wa vinyago hapa Mwenge. Naomba useme ukweli, huyu katuibia shetani wa Kimakonde. Miguu ile, macho yale, ni sisi.

Fundi, nimecheka lakini nimekuelewa, hata mimi mara ya kwanza nilifikiria mapingo. Ila tarehe zinakataa. La Jungla ni ya 1943, na uchongaji wa mashetani tunaoujua, ule wa viungo vilivyopinda na matundu na jicho moja, umeanza kushika huku Dar miaka ya 1950. Kwahiyo yeye hakuiba kwenu na nyie hamkuiba kwake, hakuna mmoja aliyemwona mwenzake. Vinyago vya Afrika alivyoviona vizuri ni vile vya Paris kwa Picasso, na vingi vilivyokuwa kule vilitoka Afrika Magharibi na ya Kati, makoloni ya Ufaransa.

Ila kuna tofauti moja ambayo ningependa uiangalie kama fundi. Shetani wa Mwenge unaweza kumzunguka, ana nyuma. Wa Lam hawana nyuma, wamebanwa kwenye mabua, huwezi kujua huu mguu ni wa nani na huo mkono umetokea wapi, ukijaribu kumtenganisha mmoja unakuta ameshagawana paja na jirani. Jaribu kumchonga mmoja peke yake, utaona kazi.

Bei gani?

Huyu hakuandika zaidi ya hapo, wala salamu. La Jungla haiuzwi, makumbusho ya sanaa za kisasa New York, MoMA, waliinunua 1945. Lakini picha yake nyingine ya mwaka uleule 1943, Omi Obini, ilinadiwa kwenye kampuni ya mnada ya Sotheby's mwezi Juni 2020 ikaenda dola milioni 9.6. Na sasa sikia kinachonimaliza mimi: La Jungla imechorwa kwenye karatasi, zile karatasi za kaki za kufungia vitu, alafu ikabandikwa kwenye turubai. Wakati wa vita, turubai nzuri ilikuwa ngumu kupata na yeye hela hana. Ndio maana picha ile ukiiangalia rangi ni nyepesi, kuna sehemu imechuruzika na sehemu kaki yenyewe ndio imeachwa iwe ngozi ya mtu.

Mpenzi msomaji wa kike, Arusha: Baada ya yule mke aliyefariki alioa tena? Nimeumia.

Alioa. Helena Holzer, mwanasayansi Mjerumani, ndio aliyekimbia naye mpaka Cuba, wakafunga ndoa 1944, wakaachana mwanzoni mwa miaka ya 50. 1960 akamuoa Lou Laurin, msanii Mswidi, wakapata watoto watatu wa kiume. Miaka hiyo alikuwa Paris na Albissola, mji wa wafinyanzi kule Italia, akaanza kufinyanga na yeye. 1978 akapata kiharusi kikamwacha kwenye kiti cha magurudumu, akaendelea kufanya kazi hivyohivyo, akafariki Paris tarehe 11 Septemba 1982 na majivu yake yakapelekwa Havana. Kituo cha sanaa chenye jina lake, kile kinachoandaa Biennale ya Havana, yale maonyesho makubwa ya sanaa, toka 1984, kilianzishwa mwaka mmoja baada ya kifo chake.

Hi Anko, niko New Jersey na wanangu wawili. Tunaweza kwenda kuiona? Na kwanini sijawahi kulisikia hili jina shuleni wakati Dalí tumemsoma?

Dada yangu, hilo la pili lina historia ya aibu kidogo. Ile picha ilivyoonyeshwa New York kwa Pierre Matisse mwaka 1944 ilileta kelele, mwaka uliofuata MoMA wakaichukua, na huyohuyo Lam mwaka huo wa 1944 alikuwa amekataa kushiriki onyesho lao la wachoraji wa kisasa wa Cuba. Kwahiyo picha wanayo, wanaijua thamani yake. Lakini kwa miaka mingi ilitundikwa wapi? Kwenye korido ya mapokezi, njia ya kwenda kuacha makoti. Guernica, ile picha maarufu ya vita ya Picasso, ilivyokuwa pale ilikaa ukumbini na watu wanaisimamia kama wako kanisani, Lam yeye watu wanampita wanatafuta namba ya koti. Mshairi na mhakiki John Yau aliandika makala kali kuhusu hilo mwaka 1988, akasema wazi kwamba kule makumbusho Lam anahesabika mfuasi wa Picasso aliyetoka mbali, kwahiyo ukumbi mkubwa haumhusu. Dalí alikuwa na masharubu na televisheni. Lam alikuwa mweusi mwenye jina la Kichina kutoka kisiwa cha sukari, waandishi wa vitabu vya shule hawakujua wamweke sura ya ngapi.

Mambo yamebadilika. Makumbusho ya Tate ya London walimfanyia onyesho kubwa 2016, na Novemba 2025 MoMA wenyewe wakafungua onyesho la maisha yake yote, La Jungla ikiwa katikati, lililopangwa mpaka Aprili 2026. Kabla hamjavuka mto angalia kwenye tovuti yao picha iko ukumbi gani siku hiyo, maana huwa wanahamisha, na nenda asubuhi kabla makundi hayajajaa, picha ile inataka usogee karibu mpaka uone karatasi alafu urudi nyuma. Watoto wa miaka 16 kushuka chini hawalipi kiingilio pale, utakayelipa ni wewe.